Msikimbilie kununua kompyuta mpya

Mkuu, umesema ofisi yenu hapo Mtumba, Dodoma, desktop zinakesha zimewaka, umeme wa LUKU (ule wa kulipia kabla) unaisha fasta, na bosi anataka zibadilishwe zote ili mtunze mazingira. Mwombe asubiri kwanza. Kutengeneza kompyuta kiwandani kunatoa hewa ukaa nyingi sana, na umeme wetu sehemu kubwa ni wa maji na gesi, hautoi hewa ukaa nyingi kama wa makaa ya mawe, kwa hiyo kutupa mashine nzima hapo mazingira hamjayasaidia kabisa.

Ingia kwenye setingi za pawa, weka skrini ijizime baada ya dakika 5 na kompyuta ilale baada ya 15, na zile picha zinazocheza skrini ikikaa bure zitoe kabisa maana taa ya skrini inakuwa bado inawaka na umeme unaenda vilevile. Jioni zimeni mpaka kwenye soketi, monita na printa pia, ile taa ndogo ikiwaka ujue bado inavuta. Alafu vumbi la Dodoma jamani, fungueni kava mpulize feni, ikijaa vumbi mashine inachemka na feni inazunguka kwa nguvu muda wote. Ikifa kabisa ndo mchukue laptop, inakula umeme kidogo kuliko desktop.