Kabla ya sindano ya kwanza, weka mayai

Ukitaka kutengeneza kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutoa kupambana na vijidudu, kwa kutumia kuku, weka akiba ya mayai yake na damu yake kabla hujamchoma sindano ya kwanza. Mimi sikuweka, nikapoteza miezi mitatu.

Nilikuwa Tanga, nachunguza protini ya HN ya virusi vya mdondo, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Kwa HN virusi hujishikiza kwenye seli ya kuku. Protini nyingine, F, ndiyo huvifungulia mlango. Nilitaka kingamwili za HN peke yake, nione virusi vikizuiwa hapo tu vinashindwa nini. Kuku anafaa sana kwa kazi hii maana kingamwili zake huhamia kwenye kiini cha yai, basi unaokota mayai badala ya kumtoa damu kila mara.

Nikanunua mitetea sita Pongwe. Nikamuuliza mwenyewe kama wamechanjwa.

"Mwanangu, hawa hawajachomwa sindano hata siku moja."

Alisema kweli. Chanjo ya mdondo ya I-2 ni tone moja jichoni. Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Nikawachoma sindano ya HN, kisha nikapima mayai yao.

Virusi vya mdondo vikichanganywa na seli nyekundu za damu, HN huzishikanisha zikatanda kama utando. Kingamwili zikiwepo, seli hushuka chini zikawa kitone chekundu. Mayai ya mitetea wote sita yalitoa kitone, nami nikafurahi mno. Kisha mwenzangu wa maabara akaniuliza: mayai ya kabla ya sindano je? Kwenye friji lilibaki moja, lililotagwa siku moja tu baada ya sindano, kabla kingamwili mpya hazijaweza kufika kwenye kiini. Nalo likatoa kitone kilekile. Kuku walikuwa na kingamwili za virusi vizima, F ikiwemo, na sikuwa na namna ya kuzitenganisha.

Kwa hiyo uliza: wamewahi kutiwa dawa ya macho? Mdondo ulipita hapa lini? Jirani amechanja? Virusi hai vya I-2 huweza kuhama kutoka kuku hadi kuku.

Mara ya pili nilianza na vifaranga, nikawatenga. Nao hurithi kingamwili za mama kupitia kiini, hivyo usiharakishe. Wangu niliwapima wiki ya nne, mmoja bado alikuwa nazo. Wiki ya sita wote walikuwa safi. Walipoanza kutaga, kila yai nililiandika kwa penseli, tarehe na namba ya kuku, na kumi ya mwanzo sikuyagusa.