Kupanga nyumba Nairobi pamoja na wenyeji: ingia kama mpangaji, si kama mgeni

Ndugu na marafiki wanaopata chuo au kazi Nairobi hunipigia simu kutoka Tanzania, na swali lao la kwanza huwa lilelile: nipange peke yangu au nikae na watu? Jibu langu halijabadilika. Ukipata Wakenya waaminifu wanaotafuta mtu wa kuchangia nyumba, kaa nao. Utaujua mji mapema na hutakuwa peke yako siku utakayougua. Ila ingia humo kama mpangaji mwenzao, mwenye haki na wajibu sawa na wao. Wengi wetu kutoka nyumbani tunaingia kwa unyenyekevu wa mgeni, tunakubali kila tunachoambiwa, na mwisho tunahama na mabegi bila hata kujua tulikosea wapi.

Anza na mkataba. Kwetu Dar es Salaam mwenye nyumba anaweza kukudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Nairobi kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, mara nyingi kabla ya tarehe 5, na unapoingia unaweka dipoziti, aghalabu sawa na kodi ya mwezi mmoja, pengine na kiasi kingine cha maji na umeme. Kwa Mtanzania ni nafuu kubwa. Lakini kwa sababu mzigo ni mwepesi, watu huridhika na makubaliano ya mdomo. Mwenyeji ndiye mwenye mkataba, wewe unamtumia sehemu yako kwa M-Pesa, naye anamlipa mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakujui. Mwenzako akihamishiwa kazi Mombasa, akioa, au akishindwa kulipa sehemu yake, mlango ukifungwa unafungwa na vitu vyako ndani. Yeye usiku huo ataenda kwa shangazi yake mtaa wa Umoja au kwa binamu yake Kasarani. Ndugu zako wewe wako ng'ambo ya mpaka wa Namanga.

Kwa hiyo sema mapema, tena kwa upole, kwamba ungependa jina lako liandikwe. Nilipohamia mtaa wa South B, aliyelipendekeza jambo hilo ni mmoja wa wenzangu wawili, muuguzi wa zamu za usiku. Tulishuka pamoja hadi kwa keateka, yaani msimamizi wa jengo, nikatoa nakala ya pasipoti, jina langu likaongezwa chini ya majina yao mawili. Hakuna aliyeona ajabu. Mwenye nyumba anapoongezewa mtu mwingine wa kudaiwa kodi, hapotezi kitu. Akikataa kabisa, basi andikianeni ninyi wenyewe: kodi ni kiasi gani, nani analipa ngapi, dipoziti iko kwa nani, na anayeondoka atoe taarifa mwezi mmoja kabla. Wote mtie sahihi. Na kama jengo lina namba ya malipo ya pamoja, lipa sehemu yako moja kwa moja huko. Ujumbe wa M-Pesa una jina la aliyepokea, tarehe, saa na kiasi, na Kenya nzima huuheshimu kama risiti. Usiufute.

Makaratasi ya uhamiaji nitayataja kwa kifupi, kwa kuwa yanakuhusu wewe kuliko wenzako. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita anapoingia kama mgeni, lakini muhuri huo si kibali cha kazi wala cha masomo. Anayekaa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kujiandikisha kama mgeni mkaazi. Yamalize hayo mwanzoni ili usije ukamwomba mwenzako akufichie jambo.

Sasa umeme, ambao ndio umevuruga nyumba nyingi ninazozijua. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai asubuhi ni baridi ya kuuma. Watu wengi wanaoga kwa shawa ya umeme, ile inayopasha maji moto papo hapo. Shawa ya kilowati 5 ikiwaka dakika 12 imekula uniti nzima. Watu watatu wakioga hivyo kila siku, mwezi ukiisha ni uniti kama 90 za kuoga tu, na bei ya uniti hupanda kadiri nyumba inavyotumia zaidi, kama tulivyozoea Tanzania kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Sisi tulikataa mtindo wa "atakayekuta giza anunue tokeni," yaani namba za kuingiza kwenye mita ya umeme, kwa sababu anayekuta giza huwa ni yuleyule anayerudi jioni kupika. Kila mmoja anatoa kiasi sawa siku ya kulipa kodi, mmoja ananunua tokeni za mwezi, na ujumbe wenye namba unawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwenzetu mwenye kompyuta inayowaka mchana kutwa huongeza kidogo. Alijitolea mwenyewe alipoona hesabu.

Maji nayo yana utaratibu wake. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, hayatoshi, na mitaa hupewa kwa mgao. Uliza kabla ya kuhamia: maji huja siku gani, jengo lina kisima au huletewa na boza, na maji ya kisima yana chumvi kiasi gani. Kisha kubalianeni kwamba siku ya maji, aliye nyumbani ndiye anayejaza madumu yote, si lake peke yake. Nalisisitiza hili kwa sababu hakuna kinachoonyesha haraka kama mtu anawajali wenzake.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Mafuta, chumvi, unga na gesi tunachanga. Nyama na maziwa kila mtu na yake. Aliyepika haoshi vyombo. Mama fua, mama anayetufulia nguo, huja Jumamosi na kila mmoja humlipa kwa nguo zake. Mlipeni siku hiyohiyo, anategemewa na watoto.

Wageni ni jambo zito zaidi. Wenzako wapo kwao. Mdogo wa mmoja wao atakuja kufanya usaili, mama wa mwingine atakuja hospitali, na hakuna Mkenya wala Mtanzania atakayemfungia mama mlango. Pokea kwa moyo mmoja, amkia wazee kama ulivyolelewa, ila kubalianeni mapema kwamba mgeni wa kulala atangazwe, na akipita wiki basi mwenyeji wake aongeze fedha ya maji na umeme. Sebuleni watazungumza Kimeru au Dholuo na utakaa hapo bila kuelewa neno. Usidhani unasengenywa. Waulize wanacheka nini. Wangu huishia kunisimulia kisa kizima upya.

Siasa zao zisikilize, uliza, jifunze, lakini usichukue upande ndani ya nyumba ambamo wawili wanaweza kupigia kura watu tofauti. Ujuzi wao wa mji ndio ngao yako. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, wenzangu walijua tangu jana yake barabara zipi zitafungwa, wakanizuia kwenda katikati ya mji. Tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia bungeni, nilikuwa nyumbani salama. Anayeishi peke yake na hana marafiki wenyeji angeyajulia wapi?

Desemba wote wataenda mashambani kwao na nyumba itabaki na wewe. Kama nawe unasafiri, kata tiketi ya basi mapema kwa sababu nauli hupanda, na mwachieni keateka namba zenu zote tatu za simu.

Na siku ya kuondoka kwako ikifika, toa taarifa kwa maandishi kwa wenzako na kwa mwenye nyumba, mwezi mzima kabla. Piga picha za chumba kikiwa kitupu, kuta hasa, kwa kuwa fedha ya rangi mara nyingi hukatwa kwenye dipoziti. Njia rahisi ya kurudishiwa chako ni mpangaji mpya akulipe wewe sehemu yako ya dipoziti, mbele ya wenzako, na jina lake liingizwe kwenye mkataba badala ya lako siku hiyohiyo. Ufunguo mkabidhi baada ya hapo.