Kuhamia Dodoma na watoto: tafuta shule kwanza, nyumba ifuate

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Umehamishiwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, watoto ni watatu, mmoja darasa la tano, mmoja la nne na mdogo wa awali. Mzee, baba watoto, anabaki Dar kwa sasa, kodi isizidi laki nne, na unauliza ukae Kisasa, Nzuguni au Miyuji, halafu watoto waende kayumba, yaani shule ya serikali ya Kiswahili, au English medium. Wadau wameshakutajia mitaa yote mpaka imekwisha. Mimi nilihamia Dodoma na familia Januari 2020 tukitokea Tabata, Dar, na kosa tulilofanya ndilo naliona kwenye swali lako: umeanza na nyumba.

Nilitangulia mwenyewe Oktoba 2019, nikapanga chumba Area C, kila Jumamosi dalali ananizungusha. Miyuji nikaonyeshwa nyumba ya vyumba vitatu, geti lake peke yake, na mzabibu umetambaa juu ya mabomba kutoka uani mpaka mlango wa jikoni. Nikampigia mama watoto simu ya video. Alipouona ule mzabibu, kwisha habari yake. Laki tatu kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Shule tukaitafuta baadaye, tukaipata upande wa Kisasa, majengo safi, basi lipo. Kazini kwangu Mtumba, kama wewe.

Sasa chukua ramani uangalie. Miyuji ni kaskazini, njia ya Arusha. Kisasa na Mtumba ni mashariki, njia ya Dar. Nilipima umbali Jumapili mchana kwa gari la rafiki, dakika ishirini tukawa tumefika, nikajisemea hapa si Dar bwana, foleni yenyewe iko wapi.

Nilichosahau kuuliza ni kwamba basi la shule linaanzia wapi. Kumbe linaanzia kwetu! Anayekaa mbali ndiye anayechukuliwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho, na mimi nililipia nauli kubwa kuliko wote kwa heshima hiyo. Honi ilikuwa inalia saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri. Binti yetu wa kati alikuwa la pili, miaka saba, na alikuwa anavalishwa soksi huku amelala. Mama yake anashika mguu, mimi namulika kwa tochi ya simu ili mdogo asiamke. Chapati anapewa mkononi akale kwenye gari. Mwezi wa pili matroni wa basi akatuambia kwamba ile chapati huwa anaiokota chini ya kiti kila siku, haijaumwa hata pembeni. Jioni tunampokea saa kumi na mbili, vumbi mpaka kwenye kope, kazi za nyumbani anaandika huku kichwa kinagonga meza. Mwendo wa dakika ishirini, yeye anautumia saa moja na nusu kwenda na karibu hivyo hivyo kurudi.

Machi corona ikaja, shule zikafungwa nchi nzima. Naona aibu kuandika hivi, ila wiki ile ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa ya kushukuru, maana mtoto alilala. Shule za msingi zilipofunguliwa mwisho wa Juni kodi yetu nayo ilikuwa inaisha, tukauacha mzabibu na kuhamia Ilazo, nyumba ndogo zaidi, haina cha kumwonyesha mtu kwenye simu. Honi ikawa inalia saa kumi na mbili na robo.

Kwa hiyo kwa mtu wa Mtumba, Miyuji ifute kwenye orodha, hata kama nyumba ni nzuri vipi. Si kwamba ni mtaa mbaya. Kuna watu wanakaa huko raha mustarehe, ila kazi zao ziko mjini. Mji wa Serikali uko kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, na kila asubuhi nusu ya watumishi tunaelekea huko huko. Ukikaa Kisasa, Ilazo, Ipagala au Nzuguni uko upande wako. Ukienda mbele zaidi, Ihumwa au Mtumba kwenyewe, kodi inashuka na kazini unafika kwa hatua chache, lakini shule, soko na hospitali vinakuwa nyuma yako, na mtoto akishikwa na homa saa tano usiku ndipo utajua kwa nini kodi ilishuka. Bila gari nisingekaa huko na mtoto wa awali.

Kati ya Kisasa na Nzuguni mimi sina ugomvi na yeyote. Kisasa imejengeka zamani kidogo na kodi yake inajua hivyo. Nzuguni ni pana mno, kuna Nzuguni ya karibu na viwanja vya Nane Nane na stendi kuu, na kuna Nzuguni ambayo bodaboda anakuuliza mara mbili kama una uhakika. Dalali akikuambia "Nzuguni hapo hapo", mwambie akutajie shule ya msingi iliyo jirani.

Kuhusu maji wenzangu wamegusia kidogo, mimi nakaza. Dodoma ni nchi kavu, mvua zinaanza Desemba zinakatika Aprili, na watu wameongezeka kuliko visima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa jijini, ya 2022 ikakuta 765,179. Ndiyo maana kuna mgao. Usifungue bomba mbele ya dalali ukaridhika, kwa sababu anajua siku ya mgao na ndiyo atakayokupeleka. Muulize mpangaji wa jirani maji yanatoka siku gani, tanki la nyumba ni lita ngapi, na kama ni kisima basi onja, maana visima vingi vina chumvi, chai utaikataa mwenyewe. Uliza pia kama Luku, mita ya umeme, ni yako peke yako au ya kuchangia. Na ukiona korongo kavu kati ya nyumba na barabara, fikiria watoto wanalivuka Februari.

Haya, shule. Hapa nina kidonda kingine. Kijana wetu mkubwa alikuwa anaingia la sita. Tabata alisoma kayumba, tena vizuri, wa tatu au wa nne kila muhula. Tulitaka wote waende ile English medium moja. Kwenye usaili wakamtoa nje, mwalimu akatuita: hisabati alama 28, arudi la tano, ikiwezekana la nne. Nikaomba kuiona karatasi. Swali limeandikwa perimeter, pembeni amechora mstatili na kuweka alama ya kuuliza. Nikamwambia kwa Kiswahili, tafuta mzingo. Akaujibu pale pale amesimama, bila kalamu. Mtoto hakushindwa hesabu, alishindwa jina la hesabu. Lakini shule haikuwa na muda wa kutofautisha, na wana sababu yao: mtoto anayeingia la sita bila Kiingereza atawashushia wastani wa la saba.

Tukagawanyika nyumba nzima kwa wiki moja. Mwishowe wa kati akaenda English medium, mkubwa akaenda shule ya serikali karibu na tulipokuwa. Mama yake alilia. Darasa lilikuwa na watoto tisini na kitu, madawati wanabanana wanne wanne. Ila alikuwepo mwalimu wa hisabati mmoja, mama wa makamo, anafika kabla ya walinzi hawajafungua geti, na yule mama ndiye aliyemvusha. Alifanya mtihani wa taifa 2021 akapata A ya hisabati. Na kitu ambacho hakuna shule ya basi ingempa: ndani ya miezi mitatu alikuwa anawasalimia akina mama wa karanga na ubuyu "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, anajibiwa kwa kicheko na anaongezewa kipimo.

Kwa hiyo wako wa la tano, kama anasoma kwa Kiswahili, mimi nisingemvusha lugha sasa. Wa la nne ningefikiria, kama shule inakubali kumpa masomo ya ziada ya Kiingereza kwa miezi sita bila kumrudisha nyuma madarasa mawili. Wa awali anza naye popote utakapomudu kulipa kwa miaka yote, si mwaka wa kwanza tu. Ukiambiwa ada ni milioni moja na laki mbili, uliza basi, chakula, sare za aina tatu, mitihani ya kila mwezi, rimu za karatasi na ile safari ya mwisho wa mwaka. Kwetu ada ilikuwa kama theluthi mbili tu ya tulichotoa kweli. Serikalini ada haipo tangu Januari 2016, lakini michango ya uji, chakula cha mchana na ulinzi ipo, usishangae ukiitwa kikao wiki ya kwanza.

Na kuna jambo sijaona mtu amekutajia. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi chini yake inaishia la sita. Wako wa la nne 2025 ni wa kundi lile la kwanza, atamaliza la sita 2027. Wako wa la tano 2025 bado yuko mtaala wa zamani, atamaliza la saba 2027. Yaani una watahiniwa wawili mwaka mmoja, na wawili wa kidato cha kwanza Januari moja. Jipange kwa hilo kuanzia sasa, na uhakikishe shule utakayochagua haitakulazimisha uhame tena katikati.

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yaangalie, lakini yasome kwa jicho la pili. Siku hizi hawatangazi tena shule kumi bora, ila matokeo ya kila shule yako kwenye tovuti yao, la nne na la saba. Mimi hufanya hivi: nachukua matokeo ya la saba ya shule, nahesabu watahiniwa, kisha narudi nyuma miaka mitatu kwenye matokeo ya la nne ya shule hiyo hiyo. Shule moja tuliyoipenda ilikuwa na watoto 61 la nne na 37 la saba, wote A. Wale 24 walienda wapi? Nilimuuliza mwalimu wa taaluma, akaniletea soda. Wengine walihama na wazazi, sikatai, lakini nilishajua shule ya wastani wa A inavyotengenezwa.

Ukitembelea shule, ofisini kaa dakika kumi zinatosha. Nenda vyooni, fungua bomba, angalia kama kuna ndoo ya maji na sabuni. Kisha kaa getini wakati wa kutoka, zungumza na mlinzi na wauza ice cream. Hao hawana brosha.

Kuna aliyekushauri umpeleke mmoja bweni mpaka utulie. Kwa wako wa la nne haiwezekani, tangu 2023 serikali ilizuia bweni kuanzia awali hadi la nne. Wa la tano inaruhusiwa, ila mtoto aliyeachana na baba, marafiki na mtaa kwa mwezi mmoja, kumwondoa tena na kwa mama, mimi nisingeweza. Afadhali mzee apande treni. Tangu SGR, reli mpya ya umeme, ifike Dodoma 2024 safari ni chini ya nusu ya ile ya basi, Ijumaa jioni yupo mezani.

Uhamisho wenyewe usiuache mpaka mwisho wa Desemba. Anza na mwalimu mkuu wa shule ya sasa, mwambie unahama, achukue namba ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, ya kila mtoto na kukuandalia barua. Upate nafasi Dodoma kwa maandishi kwanza, kwa sababu bila shule inayompokea, mtoto hana pa kuhamia. Sisi mkubwa alikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu jina lake huku liliandikwa majina mawili na kule matatu. Linganisha cheti cha kuzaliwa na rejesta kabla hujaondoka. Na hama Desemba, usihame Juni: Januari madarasa yote yana wageni, Julai mgeni ni mwanao tu.

Kodi lipa miezi sita hata kama mwenye nyumba anakupa punguzo la mwaka. Ukija kuangalia, usije Jumapili kama mimi. Omba ruhusa Jumanne au Jumatano, lala karibu na Nane Nane, saa kumi na moja na nusu alfajiri simama barabarani uone mabasi ya shule yanavyopita, yameandikwa nini ubavuni, na watoto waliomo wamelala au wameamka.