Analala Kipindi cha Kwanza, Nimchape?

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Ni mwalimu wa kiume, nafundisha Hisabati darasa la sita kijijini, wilaya ya Chamwino, mwaka wangu wa pili kazini. Kuna binti analala kipindi cha kwanza karibu kila siku tangu Agosti. Nimemsimamisha, nimemtoa nje, nimemchapa mara mbili. Ofisini wananiambia nikimwonea huruma nitamdekeza, na darasa zima litanipanda kichwani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na fimbo, tuimalize. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, achape mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina, na yote yaandikwe kitabuni. Wewe barua hiyo unayo? Kama huna, basi fimbo iweke chini.

Sasa binti. Umenieleza yote uliyomtenda, lakini hujasema popote kwamba umemuuliza. Sikucheki. Mwaka wangu wa tatu kazini, huku huku Ugogo, nilimpigisha magoti mvulana kipindi kizima kwa kulala. Alipoinuka nikaona viganja vyake: vimechubuliwa na kamba, tope jeupe limekaukia mpaka viwikoni. Alikuwa kisimani tangu saa nane usiku. Kiangazi maji yanachuruzika kidogo kidogo, anayechelewa anakuta tope. Na ndoo ya maji ya chai yetu walimu, siku ile, zamu ilikuwa yake.

Usimuulize mbele ya wenzake "kwa nini unalala?" Atakujibu "samahani mwalimu" na mtaishia hapo. Ngoja mapumziko, akusaidie kupanga madaftari pale barazani mnapoonekana na watu, umuulize: "Jana ulilala saa ngapi? Ukaamka kufanya nini?" Halafu nyamaza. Watoto wa kwetu hawamsemi mzazi upesi. Huenda ni maji, huenda anauguza mtu, huenda hajala tangu jana mchana. Ukisikia jambo zito la nyumbani, usilibebe peke yako, mwone mwalimu wa malezi siku hiyo hiyo.

Kuhusu kudekeza: kudekeza ni kumpa alama asizozifanyia kazi. Usimpe hata moja. Zile sehemu zilizompita mfundishe baada ya uji, dakika 20 zinatosha, akiwa macho. Asubuhi akisinzia, anawe uso, arudi kwenye dawati lake bila hotuba. Kisha mwone mwalimu wa taaluma mhamishe Hisabati, ratiba ni karatasi tu.

Mimi nilihamishiwa kipindi cha tatu. Yule mvulana akawa anapiga hesabu vizuri tu. Kipindi cha kwanza aliendelea kulala, ila sasa kilikuwa cha Jiografia, na mwenzangu aliyekirithi alininunia hadi mvua za Desemba.