Gari la Kifahari la Mtumba: Lirudishie Afya Kwanza, Urembo Baadaye

Sedani kubwa ya Kijerumani iliyokuwa ya mkurugenzi miaka 15 iliyopita, leo unaweza kuipata kwa bei ya gari dogo, pengine chini ya hapo. Bei ya gari imeshuka, ila bei ya spea zake haikushuka nayo. Shokabu ya upepo, taa ya mbele, kompyuta ya breki, vyote bado vinauzwa kwa bei ya tajiri aliyelinunua likiwa jipya.

Mimi ninayo ya aina hiyo, ya V8, na ninaipenda kweli. Anayeniuliza kama anunue namjibu ndiyo, kwa sharti moja: hela ya matengenezo ya mwaka wa kwanza iwe imewekwa kando kabla ya kununua, na isiguswe kwa rimu wala muziki. Kama bei ya gari inamaliza akiba yako yote, chukua la daraja la chini kidogo lililotunzwa vizuri.

Siku ya kukagua, mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi: mnyororo wa taimingi unaogonga sekunde za mwanzo, moshi wa bluu wa oili iliyopenya kwenye sili za valvu, gia boksi inayochelewa kuingia. Kisha chomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Hata kile kidogo cha bei rahisi kitakuonyesha jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kompyuta ya injini hujipima yenyewe mfumo baada ya mfumo: katalitiki, sensa za oksijeni, mvuke wa petroli. Mtu akifuta makosa ili taa ya injini izimike, matokeo ya vipimo hivyo nayo hufutika, na hayakamiliki tena mpaka gari litembee vya kutosha kwa mwendo wa aina mbalimbali. Ukikuta vipimo vingi havijakamilika kwenye gari ambalo mwenyewe anasema hulitumia kila siku, basi ama betri ilichomolewa juzijuzi ama kuna kitu kimefutwa. Uliza, halafu rudi baada ya siku chache upime tena. Kwa eabegi, breki, saspensheni na gia boksi utahitaji mashine kamili inayozijua kompyuta za gari hilo. Mercedes-Benz wana Xentry, BMW wana ISTA.

Usiondoke kabla ya kuinua zulia la buti na kupitisha mkono chini ya stepni. Paa la kufunguka lina vijibomba vya kutolea maji kwenye pembe zake. Vikiziba kwa vumbi na majani, maji huteremkia ndani ya bodi na kutuama chini ya mazulia, na huko ndiko moduli nyingi za umeme zilikofungwa. BMW E61, yaani 5 Series ya wagoni, inajulikana sana kwa hilo. Zulia likiwa na unyevu au harufu ya ukungu, liache.

Ukishanunua, kwanza shughulikia vimiminika. Badili vyote, hata kama umeambiwa vimebadilishwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hata kama gari halitembei. Kwenye gia boksi utaambiwa mafuta yake ni ya maisha. Usikubali. ZF, waliotengeneza gia boksi ya gia 6 iliyofungwa kwenye BMW, Jaguar na Range Rover nyingi, wenyewe wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Nyingi za aina hiyo zina sampu ya plastiki yenye chujio ndani yake, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja, na kiwango cha mafuta hupimwa injini ikiwa inaunguruma na mafuta yakiwa kwenye joto maalumu. Fundi asiyepima joto hilo anabahatisha. Kwenye Mercedes zenye gia boksi ya 722.6, ya gia 5, angalia soketi ya waya inayoingia kwenye gia boksi. Sili zake zikichoka, mafuta hupanda taratibu ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya gia. Soketi ni kitu kidogo cha kubadilisha mapema. Kompyuta iliyolowa mafuta ni gharama ya daraja jingine.

Mfumo wa kupooza injini nao usiuonee huruma. Rejeta, tangi la maji na nyumba ya thamostati ni plastiki iliyopikwa miaka mingi, na gari likichemsha mara moja tu linaweza kupinda silinda hedi ya alumini.

Sasa saspensheni ya upepo, inayowatisha watu kuliko vyote. Nimeziona nyingi zikifa kwa kupuuzwa tu. Mpira unaoshika upepo huanza kufanya nyufa ndogo pale unapojikunja. Upepo unavuja kidogo kidogo. Asubuhi unakuta kona moja imelala, unawasha, gari linajiinua, unaenda zako. Watu huishi hivyo miezi. Wakati huo kompresa, ambayo imeundwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi, inazunguka kupita kiasi, inapata moto, ringi ya pistoni inalika. Rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, nayo inaweza kuganda ikiwa imewaka. Kilichokuwa mpira mmoja kimekuwa mpira, kompresa na rilei.

Mimi napima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, naandika usiku na kurudia asubuhi. Kona iliyoshuka nainyunyizia maji ya sabuni: kwenye mikunjo ya mpira, pale bomba linapoungana na shokabu, kisha kwenye bloku ya valvu. Povu likianza kuota, umepata panapovuja. Usijilaze chini ya gari linaloshikiliwa na upepo wala jeki peke yake; weka stendi imara. Wapo wanaong'oa mfumo mzima na kufunga springi. Sababu zao nazielewa, lakini ule utulivu wa mwendo ndio uliolipia, na unaondoka nao.

Umeme ukianza vituko, taa tano za onyo kwa pamoja, pima betri kabla ya kununua chochote. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa husoma karibu volti 12.6. Ikishuka sana, moduli huanza kulalamika moja baada ya nyingine, na zote huonekana mbovu. BMW nyingi zilizotoka baada ya katikati ya miaka ya 2000 zinataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta, la sivyo gari litaendelea kuichaji kana kwamba ni ile ya zamani.

Spea si lazima zitoke kwenye sanduku lenye nembo ya gari. Lemförder hutengeneza boljointi na bushi, Mann na Mahle vichujio, Bosch sensa, Bilstein shokabu, na mara nyingi kitu kilekile kilichofungwa kiwandani huuzwa kwa jina lao kwa bei nafuu. Agiza kwa namba ya spea inayopatikana kwa namba ya chasisi, maana gari la mwaka mmoja huweza kuwa na breki za aina mbili tofauti. Vitu vya mtumba nanunua: taa, viti, milango, swichi. Mpira wa upepo wa mtumba sinunui, kwa sababu umri wake ni sawa na wa ule ninaoutoa.

Fundi ni nusu ya gari. Ukitaka kumpima, muulize: unabadilije pedi za breki kwenye Mercedes W211 (E-Class) ya mwaka 2004? Asipoanza na kuuzima mfumo wa SBC, shukuru na uondoke. Breki hizo za umeme, zilizofungwa kwenye W211 hadi maboresho ya 2006, zinaweza kujijaza presha zenyewe hata mlango ukifunguliwa tu, na pistoni zikambana mtu vidole.

Baada ya yote hayo, karibu kwenye urembo. Watu wakipanda gari langu huuliza nimefunga nini. Bushi mpya, boljointi mpya, tairi nzuri na alaimenti. Sijui badiliko jingine linalorudisha hadhi ya gari la namna hii kwa kiasi hicho.

Ukija kwenye rimu, muonekano uwe swali la mwisho. Mercedes nyingi hutumia matundu 5 kwenye duara la milimita 112, BMW za miaka hiyo 120. Tundu la katikati ni milimita 66.6 kwa Mercedes na 72.6 kwa BMW hizo nyingi. Likiwa kubwa kuliko habu, tafuta ringi ya kujazia, vinginevyo usukani utatetemeka. Soma na namba ya uzito ubavuni mwa tairi: 98 maana yake kilo 750 kwa tairi moja. Gari la tani mbili halistahili tairi lililochaguliwa kwa wembamba wake.

Redio inahitaji tahadhari yake. Kwenye magari mengi ya kifahari tangu BMW 7 Series ya 2001, redio, amplifaya na simu vimeungwa kwa nyaya za mwanga zinazofanya mzunguko mmoja. Ukitoa kifaa kimoja bila kuuziba mzunguko, muziki wote unanyamaza. Taa za LED kwenye kioo kilichoundwa kwa balbu ya halojeni usiweke. Mwanga hutawanyika na kumpofusha anayekuja mbele yako. Na kuongeza nguvu kwa programu kuna maana zaidi kwenye injini ya tabo. V8 isiyo na tabo itapata kidogo sana, na kwa yoyote ile, plagi, koili na gia boksi viwe vizima kabla fundi hajafungua kompyuta yake.

Chochote unachokitoa, kihifadhi: redio, rimu, springi, hata skrubu, kila kimoja kwenye mfuko ulioandikwa kilikotoka. Nakala ya programu ya asili ya injini mwombe fundi akupe. Gari likianza tatizo lisiloeleweka, njia ya haraka ya kulijua ni kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani na kupima upya, na hilo haliwezekani kama vitu vyake umeshaviuza.