Umekatwa kodi kwenye kazi ya taili, usiilipe tena

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kulipia kodi zile milioni 24 zote ulizopokea mwaka jana kwa kazi za taili za Goba, wakati mkandarasi wako alishakukata. Si sawa. Nina mwaka wa kumi na moja nachukua kazi chini ya wakandarasi, nilianza na plasta kisha taili, na miaka ya mwanzo nililipa hivyohivyo kwa kutokujua. Pesa ile bado inaniuma.

Kodi ya mapato inatozwa kwenye faida. Na sisi wa ujenzi hatumo kwenye ile kodi ya makadirio ya wenye maduka, inayoangalia mauzo tu, kwa hiyo kinga yetu ni hesabu. Chukua milioni 24 zako. Kwa mtu binafsi, Sh 3,240,000 za kwanza za mwaka hazitozwi, kisha viwango vinapanda mpaka asilimia 30 kwa kinachozidi milioni 12. Ukipeleka bila matumizi, kodi inafika Sh 5,136,000. Ukithibitisha kuwa milioni 16 ziliishia kwenye taili, gundi, vibarua na usafiri, faida ni milioni 8 na kodi ni Sh 592,000.

Sasa hicho alichokukata mkandarasi ni kodi ya zuio, asilimia 5, na hiyo ni sehemu ya kodi yako iliyotangulia kulipwa. Kwenye mkataba wa vifaa pamoja na ufundi, sheria inaigawa hela 3 kwa 2: tatu vifaa, mbili huduma, na zuio linakatwa kwenye huduma peke yake. Kwa milioni 24, huduma ni milioni 9.6, zuio Sh 480,000. Ukitoa kwenye 592,000, unabaki kudaiwa 112,000. Mimi kuna mkandarasi alinikata asilimia 5 ya mkataba mzima wa milioni 10: laki tano badala ya laki mbili. Hati ya zuio nayo hakunipa, na bila hati sikuwa na cha kuonyesha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Nilimfuata saiti wiki tatu. Siku hizi naomba hati siku ileile ninayolipwa.

Risiti ndizo zinazotumaliza mafundi wengi. Ofisa wa TRA aliyekagua hesabu zangu alitaka za EFD, yaani za ile mashine ya kielektroniki, zenye TIN yangu, namba ya mlipakodi. Ukiwa Kariakoo muuzaji atakwambia, "Bila risiti nakupunguzia elfu ishirini." Usikubali. Mzigo wa laki sita usio na risiti, ukiwa kwenye ngazi ya asilimia 20, unakuongezea kodi ya laki na ishirini. Halafu karatasi zile zinafutika. Nilikuwa naziweka mbele ya usukani wa kirikuu, kagari kangu ka mizigo. Nilipozitoa mwezi wa sita nyingi zilikuwa nyeupe kabisa, imebaki mistari tu ya jina la duka. Piga picha ukiwa bado kaunta, uandike nyuma ni ya saiti gani.

Vibarua hawana mashine ya EFD, hilo najua linakusumbua. Mimi nina daftari: tarehe, jina kamili, namba ya simu, kazi aliyofanya, kiasi, sahihi yake. Nawalipa kwa simu ili ujumbe ubaki. Ofisa alichagua majina mawili akayapigia mbele yangu, wote wakakiri, akaendelea na ukurasa mwingine. Ila saidia fundi uliyekaa naye mwaka mzima kwa mshahara huyo ni mwajiriwa, na akizidi Sh 270,000 kwa mwezi unatakiwa umkate PAYE, kodi ya mshahara.

Kirikuu na mashine ya kukatia taili usiziandike zote kama matumizi ya mwaka mmoja. Zinashushwa thamani asilimia 37.5 kila mwaka ya kile kilichobaki. Gari la milioni 8: mwaka wa kwanza unatoa milioni 3, wa pili Sh 1,875,000. Mafuta ya kumpeleka mtoto shule usiyachanganye humo, watayaona.

Ritani ya mwaka jana, yaani hesabu ya kodi unayopeleka TRA, mwisho wake ni Juni 30. Kesho asubuhi anza na mkandarasi wa Goba, mdai hati ya zuio, na uangalie amekata kwenye kiasi gani.