Baka jeupe mdomoni lisilouma: je, ni saratani?

SWALI: Daktari, nina miaka 46. Sigara sijawahi kuvuta, ila ugoro naweka ndani ya mdomo wa chini, mwaka wa 15 huu. Pale ninapouweka pamefanya baka jeupe, pagumu kidogo, na nikisugua kwa mswaki halitoki. Haliumi. Ni fangasi tu, au yaweza kuwa saratani?

JIBU: Utando wa fangasi kwa kawaida hufutika kwa kitambaa. Lako halifutiki, tena liko palepale unapoweka ugoro, kwa hiyo nashuku ni lile tunaloliita lukoplakia. Hilo lenyewe si saratani, na mengi hayafiki huko. Lakini baadhi hugeuka, na kwa kutazama tu hata mimi siwezi kukuhakikishia lako ni lipi. Nenda kwa daktari wa kinywa na meno. Akiona haja, atakupiga ganzi, akate kinyama kidogo na kukipeleka maabara. Jibu la uhakika hutoka huko.

Neno lililonishtua ni hilo "haliumi". Saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu, ndiyo maana wengi huja wamechelewa: ulimi mzito, meno yanacheza, tezi za shingo zimevimba. Hapo upasuaji huweza kuondoka na sehemu ya ulimi au taya. Ikiwahiwa, mara nyingi hukatwa sehemu ndogo tu na mtu akapona.

Kutovuta hakukukingi. Jani la tumbaku linapokaushwa na kuchachuka hujitengenezea nitrosamini, kemikali zinazoharibu vinasaba vya seli, na ugoro huziacha zimegandamana na nyama ya mdomo kwa muda mrefu. Ukiongeza pombe, hatari hupanda sana.

Jikague kwenye kioo, hasa pembeni na chini ya ulimi. Doa jekundu ni la kuogopwa kuliko jeupe. Kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona, usikipe ya tatu.

Ugoro uache leo. Baka linaweza kufifia ndani ya wiki chache. Hata likifutika kabisa, bado nenda ukaguliwe. Na nakusihi, usiuhamishie upande wa pili ili huku papone. Nimeona waliofanya hivyo wakarudi na mabaka mawili.